Namna ya kumchunguza na kumkinga mtoto asiyestahimili jua

Mtoto akirudi kutoka juani analia kwamba mikono inamuungua, mtoe kwenye mwanga, kisha, kabla ya kumpaka chochote, andika saa aliyotoka nje, saa dalili zilipoanza na dawa anazotumia, kwani baadhi ya dawa, ikiwamo doksisaiklini, huifanya ngozi iungue upesi. Upele ukionekana, upige picha, maana huenda ukafifia kabla hajaonwa na daktari. Tazama pia nyuma ya masikio na chini ya kidevu: sehemu hizo zikiwa salama, na upele ukikomea kwenye mstari wa kola, jua lina kila dalili ya kuwa ndilo chanzo.

Vipele vya kuwasha vinavyotokea saa kadhaa baadaye, hasa mwanzoni mwa msimu wa jua kali, mara nyingi hupoa vyenyewe mtoto akikaa kivulini siku chache. Protopofiria, ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi iumizwe na mwanga, ni tofauti kabisa. Mtoto huhisi kuchomwa ndani ya dakika chache, hukimbilia maji baridi, na ngozi huenda isionyeshe alama yoyote, ndiyo maana wakubwa humdhania kuwa anadeka. Aaminiwe, na apimwe damu.

Mtoto mdogo anayebabuka vibaya baada ya jua la muda mfupi, au anayeota vidoa vingi usoni kabla ya kutimiza miaka 2, apelekwe kwa daktari wa ngozi bila kuchelewa. Huenda ana zeroderma pigmentosamu, ugonjwa wa kurithi ambao seli hushindwa kurekebisha DNA iliyoharibiwa na miale ya urujuanimno, hata saratani ya ngozi ikaweza kuanza utotoni.

Katika kinga, nguo hutangulia losheni. Inua shati mbele ya taa: mwanga ukipenya kwa urahisi, halifai. Ongeza kofia pana na miwani ya jua, kisha mpake losheni ya SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, na kurudia kila baada ya saa 2. Mwenye protopofiria hanufaiki sana na losheni za kawaida, kwa kuwa kinachomuumiza ni mwanga unaoonekana, ambao hupita hata kwenye kioo cha dirisha. Darasani na garini akalishwe mbali nacho. Kwa kuwa mtoto anayefichwa jua huweza kupungukiwa vitamini D, mwombe daktari aipime kabla ya kumpa vidonge.