Hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo

Ndugu zangu mnaoanika dagaa Kibirizi na Katonga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, na ninyi mnaoingia ziwani na taa usiku, msimu wa mvua msikae bila kujua hesabu hii. Umeme ukimulika, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3. Jibu ni kilomita. Mwanga unakufikia papo hapo, ila sauti hutembea kama mita 340 tu kwa sekunde. Ukihesabu 9, radi imepiga kilomita 3 kutoka ulipo.

Ukihesabu chini ya sekunde 30, acha dagaa walowe! Ingia kwenye nyumba ya kuta na paa imara, au gari lililofungwa vioo. Chini ya mwembe usisimame hata kama mvua inakupiga, maana radi ikishuka kwenye mti huweza kumrukia aliye chini yake au kumfikia kupitia ardhini.

Ziwani ni hatari zaidi, kwa kuwa pale majini hakuna kilicho kirefu kuliko mtumbwi na watu wake. Hesabu kabla ya kusukuma chombo. Ule umeme unaomulika upande wa Kongo bila sauti uko mbali mno kusikika, lakini wingu husogea, kwa hiyo endelea kulitazama.

Na ngurumo zikikoma, subiri dakika 30 tangu ile ya mwisho ndipo utoke. Ukisikia nyingine, anza upya.