SOMO: Kukata kitambaa simu ya wateja ikiwa hewani

Wakuu, salaam. Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nitume linki tu. Kila wiki inbox ni lile lile: "Fundi, oda zako zote zinaingia WhatsApp, magrupu unayo, hivi unakata saa ngapi?" Nikijibu panga simu yako, naambiwa "mimi huwa nazima data." Kuzima data si dawa. Ukiiwasha jioni vyote vinamwagika kwa mpigo, unakesha kujibu, na mteja wa maana keshahamia kwa jirani.

Natumia Android. Majina ya menyu hutofautiana kidogo simu kwa simu.

1. Nyamazisha magrupu yote, chagua Daima. Kikoba, kamati ya harusi, ukoo, yote. Hakuna anayepewa taarifa kwamba umemnyamazisha.

2. Yasiyo ya kazi yaweke kwenye kumbukumbu (Archive) yatoke machoni.

3. Arifa za TikTok, Facebook na michezo: zima.

4. Usinisumbue (Do Not Disturb), ile hali ya kunyamazisha simu kwa saa ulizopanga. Hapa twende polepole, maana wengi huiwasha kienyeji, ikawatokea puani, wakaiacha. Ingia Mipangilio, itafute, weka ratiba. Mimi ni saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, na simu inataka uandike 9:00 hadi 12:00. Ukiandika 3:00 umejifungia saa tisa usiku, halafu asubuhi unalalamika haifanyi kazi. Ukimaliza usitoke, fungua vighairi, yaani wanaoruhusiwa kupita. Upande wa simu zinazoingia ruhusu wenye nyota tu, kisha nenda kwenye majina uwape nyota wanaostahili: mama, mwenzio, mwalimu wa mtoto, mwenye fremu. Ile ya wanaopiga tena iache imewashwa. Mtu akirudia ndani ya dakika 15 simu inaita hata kama hana nyota, na mwenye shida kweli hurudia. Upande wa programu ruhusu ya SMS, kwa sababu meseji ya malipo haitoki kwa mtu unayeweza kumpa nyota.

TAHADHARI: hakikisha alamu zimeruhusiwa. Simu nyingine zina kimya kabisa, kinachonyamazisha hadi alamu, na maharage jikoni hayakusubiri. Halafu ijaribu kabla hujaiamini: asiye na nyota apige mara mbili mfululizo, mwenye nyota apige mara moja. Kama mmoja kakwama, rekebisha leo, usingoje siku mtoto akiugua shuleni.

5. Waambie watu. WhatsApp Business ina ujumbe wa kujibu wenyewe ukiwa haupo. Wangu: "Asubuhi nakata. Meseji najibu saa 7 mchana na saa 12 jioni. Dharura piga mara mbili." Bila hili, hatua zote za juu zitaonekana dharau.

6. Simu kifudifudi, nje ya meza ya kukatia.

MASWALI

Mama Wawili: Fundi, nimenyamazisha kikoba lakini bado kinalia.
– Wanaku-tag, dada, au wanajibu meseji yako. Hiyo inapita hata grupu likiwa kimya. Mwombe katibu asimtaje kila mwanachama kwenye kila tangazo.

Mtoto wa Mjini: ndefu sana. kwa kifupi nizime data?
– Rudi aya ya kwanza.

Mzee wa Kazi: Mteja ni mfalme, wewe unamfungia mlango. Ndiyo maana mafundi mnasemwa.
– Tunasemwa kwa kuchelewesha nguo, mzee wangu. Na nguo inachelewa kwa kujibu "imefikia wapi" huku mkasi uko mkononi. Ukikosea mshono unafumua. Kitambaa cha mteja ukishakikata vibaya unamlipa.

Mtoto wa Mjini: sasa mbona yangu imegoma, nimeweka 3:00
– Soma namba 4.

Binti Wakala: Shikamoo Fundi. Mimi ni wakala wa pesa, meseji za miamala lazima nizione papo hapo, ila WhatsApp inanichanganya mpaka nakosea namba. Hii itanifaa?
– Marahaba. Umeuliza vizuri. Wewe tenganisha vifaa kabisa. Laini ya uwakala ihamie kwenye kitochi. Menyu za nyota na reli (* na #) hazihitaji intaneti. Kama WhatsApp yako imesajiliwa kwa laini hiyo hiyo, usihofu, itaendelea kwenye simu janja hata laini ikitolewa, kwa sababu namba huhakikiwa wakati wa kusajili. Ila kabla ya kuhamisha, weka ile PIN ya WhatsApp ya tarakimu 6, ya uthibitishaji wa hatua mbili, na uikariri. Na namba ya uhakiki (code) ikiingia kwenye kitochi bila wewe kuiomba, usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa ni mtandao.

Binti Wakala: Asante sana. Kumbe kitochi nilikuwa nampa mtoto achezee!
– Mnyang'anye leo.

Kijana Mbagala: Na wa iPhone?
– Mantiki ni hiyo hiyo, ila anayerudia kupiga hupewa dakika 3, siyo 15.

Kushona Kwetu: Nje ya mada, Fundi. Kwenye picha yako ya profaili unachorea nini? Chaki yangu haitoki hata nikifua.
– Kipande cha sabuni ya kuogea, kile chembamba kinachobaki. Kiache kikauke, kikwangue ukingo uwe mkali. Kwenye kitenge cheusi kinaonekana vizuri na kikifuliwa kinaisha. Kwenye kitambaa cheupe hakikufai, tumia penseli kwenye akiba ya mshono, ule ukingo unaobaki ndani.