Ukisimamishwa na polisi ughaibuni, ya Mombasa yaache Mombasa

Huku kwetu sote twajua mchezo, askari akikusimamisha wapaki kando, washuka na tabasamu lako, "habari ya kazi afande", mwasogea pembeni kidogo mambo yaisha. Mie nimeendesha hivyo miaka, sasa siku nimesimamishwa Minnesota, hata miezi miwili sijamaliza, nikafanya yale yale, nikafungua mlango nishuke nimsalimie mtu kwa heshima zake. Loo! Nilipigiwa ukelele na yule askari, mkono keshauweka kwenye bastola, nikaganda mguu mmoja ndani mmoja kwenye theluji, na viatu vyangu vya Idi.

Kwa hivyo usishuke mpaka uambiwe. Marekani ukiona zile taa nyuma yako weka indiketa, simama penye mwangaza, zima gari, kama ni usiku washa taa ya ndani, teremsha kioo na mikono iwe juu ya usukani ionekane. Leseni iko mfukoni? Iache huko huko. Akiitaka mwambie iko mfuko gani, akikubali ndio usogeze mkono, polepole. Amadou Diallo, kijana wa Guinea, alikuwa mlangoni kwake New York mwezi wa pili 1999 akatoa pochi, askari wanne wakamfyatulia risasi 41, wakasema walidhani ni bastola. Na Philando Castile, 2016, hapo hapo Minnesota, alimwambia askari kwa adabu kabisa kwamba ana bastola ya kihalali, akapigwa risasi na mkanda bado amefunga, mpenzi wake na mtoto wamo garini. Kwa hivyo haya yote hayakupi dhamana, yanapunguza hatari tu, na yule binamu anayesema "ukitii hayakupati" mwambie akaisome hiyo kesi.

Chai usithubutu, hata noti iliyojisahau ndani ya leseni. Ulikuwa na kosa la spidi, sasa una kesi ya hongo.

Huko huko Marekani, akitaka kupekua gari sema "sikubali upekuzi" kwa sauti ya kawaida, lakini akipekua usimzuie kwa mwili. Ukikamatwa sema wataka wakili halafu nyamaza, na sisi watu wa pwani kunyamaza ni mtihani najua. Kama huna uraia wa kule una haki ubalozi wako ujulishwe, iombe.

Uingereza askari wengi hawabebi bunduki. Akitaka kukupekua mtaani lazima awe na sababu ya kukushuku, isipokuwa eneo likiwekwa chini ya kifungu cha 60, yaani kile cha sheria kinachowaruhusu kwa muda kupekua watu bila sababu hiyo, na kabla hajakugusa akwambie anatafuta nini, yeye ni nani, wa kituo gani. Kwa upekuzi peke yake hulazimiki kutoa jina, ukiwa unaendesha gari ni mambo mengine, hapo utatoa. Omba nakala ya ile rekodi, una miezi 3.

Sasa hili la kuaminiana. Mama zetu kule wanaibiwa na hawapigi simu polisi, na siwalaumu, mtu aliyekuwa kwenye foleni ya feri Likoni tarehe 27 Machi 2020, mabomu ya machozi na virungu vya polisi kabla hata saa ya kafyu ya korona haijafika, utamwambia nini? Ila wako wenzetu wakifika wanajitenga na weusi wa pale, eti "sisi si kama wale". Ripoti ya jaji Macpherson ya 1999, baada ya kuuawa Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuliwa na wabaguzi mtaani, ilisema wazi ubaguzi umo ndani ya mfumo wa polisi wa London, na askari wa hivyo haulizi nyanyako ni wa Kisauni au Kingston. Jirani yako Mjamaika anamjua wakili mzuri kuliko wewe, kaa naye vizuri.

Ukionewa usibishane barabarani. Usiku huo huo andika saa, mtaa, namba ya askari, nani aliona, kisha ndio ulalamike.

Na namba ya simu ihifadhi kichwani, ya mtu wa mji huo huo. Rafiki yangu alilala ndani, simu wamechukua, namba pekee aliyoijua kwa moyo ni ya mamake Majengo, na Mombasa ilikuwa saa tisa za usiku.