Kabla ya kushika bomba, geuza jani la bamia

Masika haya bamia zikishashika, chini ya majani utakuta vidukari wamejazana, jani linanata na sisimizi wanapanda na kushuka. Zamani nilikimbilia bomba. Siku hizi naanza na macho, maana upo ukungu wa asili, yaani kuvu, si ule wa hewani, unaowaua.

Hatua ya 1. Ingia kondeni umande haujakauka, ugeuze majani ya mistari tofauti. Tafuta kidukari aliyekufa papo hapo aliponyonya, kijivu au hudhurungi, mwilini kama kapakwa unga, mara nyingi mdomo bado umechomeka kwenye jani. Maganda meupe yanayopeperuka ukiyapuliza siyo. Hizo ni ngozi walizojivua. Na aliyevimba mviringo, mkavu kama karatasi, huyo kaliwa ndani na kijinyigu. Naye mwache, ni msaada pia.

Hatua ya 2, ukiwa na shaka. Chukua kopo, tandika kitambaa kibichi, weka kipande cha kioo juu yake. Juu ya kioo panga njiti mbili za kibiriti, ulaze kipande cha jani, maiti zikitazama chini. Funika, ulale. Ukungu huu hurusha vijimbegu vyake usiku kuelekea alfajiri, hewa ikiwa na unyevu. Asubuhi kioo kikiwa na vumbi jeupe chini ya maiti, ndiwo.

Hatua ya 3. Ukishauona, tundika bomba, usipige dawa, hasa dawa ya ukungu. Mwaka mmoja niliona madoa kwenye majani nikapiga mankozebu, dawa ya ukungu. Madoa yakatulia, vidukari wakafurika. Kumbe nimeunyunyizia dawa ukungu ulionifaa.

Huko Arkansas, Marekani, kidukari huyu huyu wa bamia husumbua pamba. Wakulima walikuwa wakipeleka sampuli zitazamwe kwa hadubini, na wenye ukungu wakifika kiasi cha asilimia 15, walishauriwa kusubiri, maana kundi zima huporomoka siku chache baadaye. Sisi bila hadubini tunahesabu maiti tu, kwa hiyo walioshikwa ni wengi kuliko tunavyoona.

Hatua ya 4. Majani yenye maiti yachume jioni, uyapachike kwenye mashina ambayo bado yana vidukari hai. Mvua ikikatika, mwagilia kwa keni kutoka juu, jioni hiyo hiyo.

Kiangazi usiutegemee, hewa kavu. Na miche michanga ya kunde haisubiri, vidukari weusi huiletea virusi; hapo tumia maji ya sabuni, upande wa chini wa majani.