Kulinda figo za mtoto aliyepandikizwa uboho: kazi ya muuguzi

Watoto wa SS (selimundu) waliopandikizwa uboho India wanaturudia hapa Lubumbashi na mfuko wa dawa na karatasi za Kiingereza. Ndani ya mfuko mna siklosporini au takrolimasi, ya kuzuia uboho mpya usiushambulie mwili. Dawa hiyohiyo hubana mishipa midogo ya figo, na figo haisemi inapoumia.

1. Mzani. Mpime kila asubuhi akishakojoa, kabla ya uji, kwa mzani uleule. Kilo moja iliyoongezeka kwa usiku mmoja ni lita ya maji, si unono. Bibi atafurahi kuona mashavu yamejaa. Mweleze polepole, kisha bonyeza kidole juu ya muundi wa mtoto. Shimo likibaki, hayo ni maji.

2. Mkojo. Pima kwa kopo lenye alama, andika na saa. Mpaka ni nusu mililita kwa kila kilo kwa saa: mtoto wa kilo 20 akitoa chini ya mililita 60 katika saa sita, mwite dokta. Rangi isikudanganye. Figo za SS haziwezi kukoleza mkojo vizuri, kwa hiyo hutoka mweupe hata mtoto amekauka maji. Ukitoka mwekundu wenye mabonge, usikimbilie kusema kichocho. Kuna virusi vya BK vinavyoamka kinga ikiwa chini.

3. Presha. Asubuhi na jioni, kwa mkanda wa saizi ya mtoto. Ikipanda pamoja na kichwa kuuma au macho kuona ukungu, usingoje zamu ya kesho: degedege huenda iko njiani.

4. Damu. Hapa ndipo nilipokosea. Kipimo cha siklosporini huchukuliwa kabla ya dozi ya asubuhi, saa 12 baada ya ile ya jioni, katika chupa ya kifuniko cha zambarau. Siku moja mama alikuwa amekwisha kumpa mtoto dawa saa moja asubuhi. Mimi nilichota saa tatu bila kuuliza. Jibu lilikuja juu sana, nusura dozi ipunguzwe bure. Tangu hapo swali langu la kwanza ni: "Mama, amekunywa ya leo?" Saa ya dozi ya mwisho naiandika kwenye chupa yenyewe.

Kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, ikipanda kwa 0.3 mg/dl ndani ya saa 48, figo imeshaumia, hata kama namba bado inaonekana ndogo. Omba na potasiamu, siklosporini huipandisha. Ikiwa juu, ndizi zisimame, na sombe (majani ya muhogo) pia.

5. Mkoba wa mama. Mwombe aufungue mbele yako. Tafuta vinavyoweza kuumiza figo: dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, na unga wa mizizi. Eritromisini, antibiotiki, hupandisha siklosporini mwilini; rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha. Gentamisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo, ikiandikwa, rudi kwa dokta na karatasi mkononi umuulize kabla hujachoma. Mimi niliwahi kukuta diklofenaki imefungwa kwenye ncha ya kitenge, "ya mifupa tu, dada."