SOMO: Kupima tope la maji mlangoni mwa mto, kuanzia chupa hadi mizani (mfano wetu Pangani)

Wakuu, heshima kwenu. Tangu masika yaanze naulizwa swali lile lile: "Nimechota maji pale Pangani, nimepata miligramu kadhaa kwa lita, je, mto umechafuka?" Nikishamjibu mmoja, anakuja mwingine na lile lile. Leo naandika yote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kabla ya chupa na kamba, shikeni jambo moja. Mlangoni mwa mto, tope ulilopima ni la saa ile ya maji, si la mto mzima. Bahari inaingia na kutoka mara mbili kwa siku, na kila maji yakishika kasi yanainua tope lililolala chini. Yakitulia, linashuka tena. Mahali pale pale, siku ile ile, chupa mbili zilizopishana saa tatu zinaweza kutofautiana mara kadhaa, na mto haujabadilika chochote. Namba isiyo na saa ya maji haisomeki.

1. Chagua siku kwa mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua. Pwani ya Tanga maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Robo za mwezi ni maji mafu, tofauti hubaki karibu mita 1. Ukipima bamvua mwezi huu na maji mafu mwezi ujao, usilinganishe ukasema tope limepungua.

2. Chukua jedwali la maji la bandari ya Tanga. Toka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Jedwali linakupa kimo cha maji, halikupi mkondo. Mlangoni mwa mto maji yanaweza kuwa yameshaanza kushuka na mkondo bado unaingia. Mkondo utauona mwenyewe hatua ya 4.

3. Tia nanga katikati ya mkondo, zima injini, chota upande wa omo (mbele ya chombo), unakotoka mkondo. Ukichota nyuma ya mashine utapima tope ulilolitibua wewe. Na msiingie majini kwa miguu kandokando ya mikoko. Mto ule una mamba.

4. Pima mkondo kwa chungwa. Muheza ipo jirani, hakuna udhuru. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi kama kipande cha boya. Lifunge uzi wa mita 20, liachie, hesabu sekunde hadi uzi unyooke. Sekunde 40 ni nusu mita kwa sekunde. Andika pia linakoelekea, juu au chini ya mto.

5. Chota juu na chini, kila mara vyote viwili. Chupa ya lita 1 yenye mdomo mwembamba, chubwi zito limefungwa kitakoni, kizibo kina kamba yake peke yake. Shusha hadi chubwi liguse chini, pandisha mita 1, subiri wingu la tope ulilotibua lipelekwe na mkondo, ndipo uvute kizibo. Mapovu yakikoma, pandisha. Bora uchote kila saa kwa saa 13, mzunguko mzima. Kama huna uwezo huo, basi mara nne: yakiwa yamejaa, nusu ya kupwa, yakiwa yamepwa, nusu ya kujaa. Pungufu ya hapo usijisumbue.

6. Andika kwenye chupa tarehe, saa, kina, maji yanajaa au yanapwa. Weka kwenye boksi lenye barafu, chuja siku hiyo hiyo, ukichelewa sana kesho yake.

7. Chuja. Kichujio cha nyuzi za kioo cha milimita 47, kikaushwe na kupimwa kabla, kishikwe kwa kibanio, si kwa vidole. Tikisa chupa kwa nguvu ndipo umimine, kwa kuwa tope hutua kitakoni usiku kucha. Kama maji si mazito sana, chuja chupa nzima halafu suuza chupa na kumimina hayo ya kusuuzia.

8. OSHA CHUMVI. Hatua hii ndiyo iliyotupotezea sampuli zote za bamvua moja nzima, kwa hiyo nitakaa hapa.

Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa lita. Ukimaliza kuchuja, kichujio kinaonekana kimekauka, lakini kimebaki na maji ndani ya nyuzi. Chukulia yamebaki nusu mililita tu. Humo mna chumvi miligramu 17.5. Sasa kama maji yako yalikuwa na tope miligramu 20 kwa lita na umechuja nusu lita, tope lako halisi ni miligramu 10. Yaani chumvi iliyobaki inazidi tope lenyewe. Ukikausha, yote yanapanda mizani pamoja, na mizani haitofautishi chumvi na udongo. Utaandika 55 mahali pa 20. Kibaya zaidi, kosa hili ni kubwa maji yakijaa, kwa kuwa ndipo chumvi inapokuwa nyingi, na dogo maji yakipwa. Ukichora mchoro wako utaona tope "linaingia kutoka baharini" vizuri kabisa, na utaandika ripoti nzuri kabisa ya jambo ambalo halikutokea.

Dawa yake: tope likishabaki kwenye kichujio, pampu ikiwa inaendelea kuvuta, mimina maji safi yaliyokenekwa (yaliyochemshwa mvuke wake ukapozwa, hayana chumvi) kidogo kidogo, mililita 20 au zaidi, acha yapite yote, rudia mara tatu au nne. Kisha ondoa faneli na uoshe UKINGO wa kichujio, ile pete iliyokuwa imebanwa. Chumvi hujipenyeza pale na hakuna maji ya katikati yatakayoifikia. Osha ukingo kwa matone, ukielekeza ndani, tope lisitoroke.

Maonyo:
– Si maji ya bomba wala ya kisima. Yana chumvi zake.
– Ukinunua maji ya betri, soma chupa. Madukani "maji ya betri" ni jina la vitu viwili: maji yaliyokenekwa na asidi. Asidi itakuunguza mkono na kuharibu kazi.
– Kila kundi la sampuli liwe na kichujio kimoja cha ushahidi: pitisha maji ya bahari yaliyokwisha kuchujwa, osha kama vingine, kausha, pima. Kikiongezeka uzito, hukuosha vya kutosha, na sampuli zote za siku hiyo zina kosa hilo hilo.

9. Kausha kwenye oveni nyuzi 105 saa moja au mbili, pooza kwenye chombo chenye silika (punje za kunyonya unyevu), pima. Rudia mpaka uzito usibadilike.

10. Hesabu. Uzito wa mwisho toa wa mwanzo, gawa kwa lita ulizochuja. Gramu 0.1387 toa 0.1262 ni miligramu 12.5, kwa nusu lita, 25 kwa lita. Miligramu kwa lita ni sawasawa na gramu kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo maji yenye gramu 50 yakipita mita za ujazo 100 kwa sekunde, yanabeba kilo 5 kila sekunde, tani 18 kwa saa.

Maswali karibuni.

---

chaza_wa_Mkwaja: Asante kwa somo mkuu. Mimi nina maji nilichota jana pale kivukoni, ni ya rangi ya chai kabisa. Tope lake litakuwa kiasi gani?

Mtoa somo: Saa ngapi? Yanajaa au yanapwa? Juu au chini?

chaza_wa_Mkwaja: Saa sikumbuki, ilikuwa mchana. Nilichota tu pembeni.

Mtoa somo: Basi mwaga, ukachote upya. Hatua ya 1 hadi 6.

Ngalawa7: Kaka, mbona unazungusha? Tope linatoka mtoni, kila mtu anajua. Mvua ikinyesha Usambara, Pangani inakuwa nyekundu. Kupwa na kujaa kunaingiaje?

Mtoa somo: Sizungushi. Kweli tope asili yake ni mtoni: bwawa la Nyumba ya Mungu linashika mengi ya juu, lakini mito ya Mkomazi na Luengera inaingia chini ya bwawa, na Luengera inatoka Usambara. Sawa. Ila tope likishafika mlangoni haliendi baharini moja kwa moja. Linatua, linainuliwa, linarudishwa juu na maji kujaa, linashuka tena. Nenda kiangazi, mvua hakuna wiki kadhaa, siku ya bamvua, nusu ya kupwa. Utakuta maji mazito. Hilo halikushuka Usambara jana.

Ngalawa7: Sawa, nitakwenda nikaone.

Mtoa somo: Nenda na chungwa.

binti_korogwe: Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo, niko kwenye mafunzo kwa vitendo. Nimeona kitu: kwetu Korogwe maji ya mto ukiyaweka kwenye ndoo yanakaa na wekundu hata siku nzima. Ya mlangoni yakikaa kwenye chupa yanatua upesi, na chini kunakuwa na vijipande kama manyoya. Ni tope lile lile au jingine?

Mtoa somo: Marahaba binti, umetazama vizuri. Laweza kuwa lile lile, ila limekutana na chumvi. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na kila moja ina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana na kubaki zinaelea. Chumvi ikiingia, chaji chanya zilizomo kwenye chumvi zinapunguza kule kusukumana. Chembe zikigongana zinanata na kuwa mafungu. Fungu lina uzito, linashuka. Haihitaji chumvi ya bahari kamili, gramu chache kwa lita zinatosha kuanzisha. Ndiyo maana mahali maji baridi yanapokutana na ya chumvi tope hurundikana.

Fanya jaribio hili nyumbani: glasi mbili za maji ya mto, moja tia kijiko cha chai cha chumvi, koroga zote sawa, ziache dirishani. Piga picha kila robo saa. Na hivyo vijipande vyako, usivitikise kabla ya kuvipima urefu. Vunja moja kwa ncha ya sindano uone kilivyo laini. Kwenye mkondo mkali navyo huvunjika, tena vikaungana maji yakitulia. Ukipata picha ziweke hapa, nitakusaidia kuandika.

binti_korogwe: Nashukuru sana. Naanza leo.

mpita_njia_TA: Naomba kujua, kichujio nikikiosha kwa maji ya Kilimanjaro ya dukani itafaa?

Mtoa somo: Maji yoyote ya kunywa yana madini. Hatua ya 8, maonyo.

mpita_njia_TA: Lakini ni maji safi jamani.

Mtoa somo: Ni safi kwa kunywa. Kausha glasi moja ya hayo maji kwenye sufuria safi utazame kitakoni.

nahodha_mstaafu: Mwanangu, mimi si msomi, nimevua mto ule tangu utoto. Nyakati fulani juu maji yanatoka, mtumbwi unavutwa kwenda baharini, lakini kamba ya nyavu chini inakwenda bara. Vijana nikiwaambia wanacheka. Hivyo vipimo vyenu vinasemaje?

Mtoa somo: Shikamoo mzee wangu. Vinasema ulivyosema. Maji ya chumvi ni mazito, yanaingia kwa chini. Maji ya mto ni mepesi, yanatoka kwa juu. Mahali hapo hapo, wakati huo huo, mikondo miwili. Ndiyo sababu nang'ang'ania hatua ya 5 juu na chini: tope la juu linakwenda baharini na la chini linarudi mtoni, na anayechota juu tu atasema lote limetoka. Na chungwa langu linaona juu peke yake. Mzee, nyakati hizo ni za bamvua au maji mafu?

nahodha_mstaafu: Marahaba. Maji mafu, hasa mto ukiwa na maji. Bamvua yanachanganyika yote, kamba inakwenda upande mmoja.

Mtoa somo: Ndivyo hasa. Bamvua mkondo una nguvu ya kuchanganya tabaka, maji mafu hauna. Wanafunzi mnaosoma hapa, andikeni hilo.

MtuwaPwani: Kwa asiye na mizani ya maabara? Kikundi chetu cha ufukweni hatuna hata oveni.

Mtoa somo: Tumieni sahani ya Secchi. Kipande cha bati cha sentimita 20, robo mbili nyeupe, robo mbili nyeusi, chubwi chini, kamba yenye alama kila sentimita 10. Shusha upande wa kivuli wa chombo hadi isionekane, pandisha hadi ionekane, chukua wastani. Mtu yule yule apime kila mara, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Haikupi miligramu, ila mwaka mzima wa kina hicho, pamoja na saa ya maji, ni kumbukumbu ya thamani kuliko chupa moja ya maabara.

MtuwaPwani: Na mchanga je? Kisiwa cha Maziwe zamani kilikuwa na miti, leo maji yakijaa hukioni.

Mtoa somo: Mchanga hauelei kama tope, unatambaa na kurukaruka chini, chupa hii haitaukamata. Pwani yetu mawimbi ya kusi huusukuma kuelekea kaskazini, kaskazi ikivuma huurudisha kusini. Kwa hilo pigilia vigingi ufukweni, pima urefu wa kigingi kilichobaki juu ya mchanga kila maji yakipwa ya bamvua. Nitaandikia somo lake.

Mlingoti_Bagamoyo: Mkuu, hatua hizi zinafaa mto Ruvu huku kwetu?

Mtoa somo: Zinafaa. Tafuta jedwali la Dar es Salaam badala ya Tanga, na kwa kuwa mko na mikoko mingi, ongeza kituo kimoja kwenye mdomo wa kijito kinachotoka ndani ya mikoko. Maji yakijaa yanaingiza tope humo, kisha mizizi inapunguza kasi nalo linatua. Linganisha yanayoingia na yanayotoka. Chupa zisipungue nane.

chaza_wa_Mkwaja: Nimechota tena. Saa 5 asubuhi, yanapwa, chupa moja ya juu na moja ya chini.

Mtoa somo: Vizuri. Bado nyakati tatu za maji kati ya zile nne za hatua ya 5. Chungwa lilikwenda kwa sekunde ngapi?