Umeme ukikatika ukiwa maabara

Ndugu zangu mnaofanya utafiti Makerere, Mbarara au Gulu, umeme ukikatika katikati ya kazi, usiwashe tochi ya simu ukaendelea. Kabati la kuvuta mvuke wa kemikali linategemea feni, na feni ikizima, mvuke uliokuwa ukitolewa nje unabaki ukikuzunguka usoni. Funga chupa zote kwanza, shusha kioo cha kabati mpaka chini, kisha mtoke nje wote.

Lakini kabla ya kutoka, zima swichi za vifaa, hasa jiko la kupashia. Hapa ndipo wengi wanapojisahau. Jenereta ikinguruma, jiko la swichi ya kuzungusha linapata moto tena lenyewe, na bika, yaani glasi ya maabara, iliyo juu yake haina wa kuiangalia. Kama ndani kuna ethanoli safi, mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 13 hivi za Selsiasi, na chumba cha Kampala ni nadra kufikia baridi hiyo hata msimu wa mvua. Tena ni mzito kuliko hewa: hutambaa juu ya meza mpaka ukutane na cheche iliyo mbali kabisa na chupa.

Umeme ukirudi, iache feni izunguke dakika chache. Shikilia kipande cha tishu kwenye mwanya wa kabati uone kama kinavutwa ndani. Kisipovutwa, mwite fundi wa maabara. Na usiku tafadhali usibaki humo peke yako, hata kama msimamizi anataka matokeo kesho asubuhi.